ULIMBWENDE: Makunyanzi huletwa na jua pia, si umri pekee
UKIWA na miaka 25, huenda unadhani makunyanzi ni shida ya nyanya yako. Lakini jua linalokupiga ukisubiri matatu huharibu kolajeni, protini inayofanya ngozi ikaze. Ngozi nyeusi ina kinga ya melanini, ila haitoshi.

Jipake mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na uyarudie kila baada ya saa 2 ukishinda nje. Vaa kofia. Achana na sigara.

Mikunjo ikishatokea, krimu ya retinoli husaidia polepole. Ipake usiku, mjamzito asiitumie.

Na zile krimu za kujichubua za mtaani? Nyingine huwa na steroidi, ambayo hufanya ngozi kuwa nyembamba. Utang'aa leo, ujute kesho.