Kivu: Masomo ya uganga yanaisha, swali linabaki: kubobea katika nini?

Katika hospitali za mafunzo za Bukavu, Goma, Butembo na Lubumbashi, siku ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uganga huanza mapema. Anapitia fishi za wagonjwa waliolala usiku, anapima tansio na joto, kisha anasimama kando ya kitanda kumweleza daktari mkubwa kila mgonjwa ana shida gani. Anakaa kwa muda kwenye magonjwa ya ndani, anapelekwa upasuaji, anaenda kwa watoto, halafu maternite. Ni idara nne ambazo kila mwanafunzi hupitia kabla ya kuitwa daktari.

Na karibu kila anapofika anaulizwa swali lile lile: ukimaliza, utabobea wapi?

Jibu si jepesi. Nchini Kongo, masomo ya uganga huchukua miaka sita au saba. Anayetaka kuwa mtaalamu wa tawi moja huongeza miaka mingine, mara nyingi minne au mitano, akiwa asistanti: kutibu mchana, zamu usiku, na kazi ya utafiti ya kutetea mbele ya maprofesa. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kulipa minerivali anatumaini kwamba siku ya diploma ndiyo siku mtoto wake ataanza kuwasaidia wadogo zake. Kumwambia kwamba masomo bado yanaendelea kunahitaji moyo.

Ndiyo maana wengi huchagua kwa haraka. Mmoja anafuata profesa aliyempenda. Mwingine anafuata tawi linalosemekana kuleta pesa. Mwingine anasubiri tu nafasi itakayopatikana. Lakini historia ya madaktari wawili wanaojulikana kote nchini inaonyesha kwamba kuna njia nyingine ya kuamua.

Aliyetaka kutibu watoto

Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Ameeleza mara nyingi kwamba akiwa mdogo alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, lakini hakuwa na dawa ya kutoa. Kijana akaamua kwamba yeye atakuwa mtu wa kutoa dawa. Alisoma uganga Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, na nia yake ilikuwa kuwa daktari wa watoto.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika hospitali ya Lemera, kwenye milima ya teritware ya Uvira, Kivu ya Kusini. Huko aliona jambo ambalo hakulitarajia. Wanawake waliokuwa na shida ya kuzaa walifika wakiwa wamechelewa mno, baada ya kutembea mbali au kubebwa kwa kipoyi. Wengine walikuwa wakivuja damu, wengine walikuwa wamekwisha kupoteza mtoto, wengine walikufa. Mukwege akabadili mpango wake. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alipomaliza mwaka 1989, alirudi Lemera.

Hospitali hiyo ilishambuliwa Oktoba 1996, vita vilipoanza, na wagonjwa pamoja na wahudumu wakauawa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Alifikiri atawasaidia akina mama wazae salama. Lakini mgonjwa wa kwanza kupokelewa, kama alivyosimulia alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri. Elimu aliyoitafuta kwa ajili ya uzazi ikawa ya kutengeneza miili iliyoharibiwa na vita. Mwaka 2015 alipata udaktari wa juu katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kwa utafiti kuhusu fistula.

Kwa mwanafunzi anayesita leo, kuna mambo mawili ya kuangalia katika safari hiyo. La kwanza, Mukwege hakuchagua akiwa bado darasani. Alifanya kwanza kazi kama daktari wa kawaida, mahali pa mbali, na wagonjwa ndio waliomwonyesha pengo liko wapi. La pili, alirudi. Utaalamu wa uzazi ungeweza kumpatia maisha mazuri Ufaransa.

Aliyechagua maabara

Mfano wa pili ni Jean-Jacques Muyembe. Alimaliza uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akasomea virusi huko Leuven, Ubelgiji. Wakati huo, kijana aliyeacha kitanda cha mgonjwa na kukaa mbele ya darubini hakuonekana kuwa amechagua njia ya heshima. Mtu wa maabara hapasui, wala hana kliniki ya kufungua mtaani.

Lakini mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu huko Yambuku, yeye ndiye aliyetumwa. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, na sampuli kutoka huko zikasaidia kutambua virusi vya Ebola. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Muyembe alikuwa bado kazini, na katikati ya mwaka 2019 alipewa uongozi wa mapambano. Moja ya dawa mbili zilizoonekana kuokoa maisha ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Watu wa Beni, Butembo na Mangina wanajua kazi hiyo ilimaanisha nini. Tawi ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliangalia ndilo lililohitajika siku ile.

Matawi yanayosahaulika

Mwaka 2015, tume ya jarida la uganga The Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama kwa wakati na kwa bei wanayoweza. Ilipendekeza kila nchi iwe na wapasuaji, wataalamu wa usingizi na wa uzazi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000. Kongo iko mbali na hesabu hiyo.

Nchi ina maeneo ya afya zaidi ya 500. Katika mengi, hospitali ya rufaa inaendeshwa na madaktari wasio na utaalamu, ambao hufanya upasuaji wa uzazi, wa ngiri na wa kidole tumbo kwa ujuzi walioupata kazini. Dawa ya usingizi mara nyingi hutolewa na muuguzi, kwa sababu madaktari waliobobea katika kazi hiyo ni wachache. Hata mpasuaji hodari hawezi kufungua tumbo la mtu ikiwa hakuna wa kumlaza na kumwamsha.

Magonjwa ya akili nayo yamesahaulika. Baada ya miaka karibu 30 ya vita, watu wengi Mashariki wanabeba majeraha ambayo hayaonekani kwa macho. Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo, lakini madaktari wa akili ni wa kuhesabu. Vijana wengi wanaogopa tawi hili, kwa kuwa watu huwacheka hata wanaowatibu wagonjwa wa akili. Vilevile kuna wataalamu wa kusoma nyama iliyokatwa mwilini ili kujua kama ni kansa. Bila wao, mgonjwa anasubiri jibu huku ugonjwa unaendelea.

Pesa, njia na nyumba

Kuchagua kwa moyo peke yake hakutoshi. Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika vinafanya kazi na hospitali kubwa za mji, lakini si kila tawi linafundishwa hapo. Kwa mengine lazima kwenda Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani au nchi jirani, na katika baadhi ya nchi hizo masomo ni ya Kiingereza. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, ndege za abiria zilisimama Goma na Kavumu, na safari ya Kinshasa ikawa ya kuzunguka kupitia nchi jirani.

Asistanti naye anahitaji kula. Madaktari vijana wengi hungoja muda mrefu kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mashirika ya misaada hulipa vizuri zaidi, na wengi huacha kitanda cha mgonjwa kwa sababu hiyo. Kwa madaktari wanawake kuna swali la ziada: zamu za usiku, ndoa na watoto. Mara nyingi wanashauriwa kuacha upasuaji hata kabla hawajaujaribu. Hasara ni ya wagonjwa pia, maana wako wanawake wasiotaka kuchunguzwa na mwanaume.

Anayekaribia kumaliza anaweza basi kujiuliza maswali machache, na ni heri ayaulize baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi kijijini. Ni wagonjwa gani niliowapeleka kwingine kwa sababu sikujua kuwatibu? Mashine na dawa za tawi hili zitapatikana nitakapofanya kazi? Nani atakula nini nyumbani katika miaka hiyo? Je, naweza kuifanya kazi hii saa nane za usiku, nikiwa nimechoka, bila kuichukia?

Na kuna swali la mwisho, ambalo Lemera ililiuliza zamani: nikishamaliza, nitarudi wapi? Katika hospitali za milimani, mama aliyebebwa kwa kipoyi bado anafika akiwa amechelewa. Anachotaka kujua ni kama ndani kuna mtu anayeweza kumsaidia.