KUZIMA MOTO NI KAZI YA JIRANI



Gari la zimamoto liko mjini, na shamba liko mbali. Moto ukizuka, ni nani wa kuuzima? Jawabu ni fupi: ni jirani aliyejifunza mapema. Basi leo twaeleza namna mtu anavyojitolea kwa kazi hii, na mfano tumeutafuta mbali kidogo, huko Ikungi, mkoa wa Singida.

Ikungi imekuwa wilaya tangu mwaka 2012, nayo iko katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania. Mvua ni ya msimu mmoja tu. Ikishakatika, majani hukauka, upepo huvuma, na maji huwa haba. Wenyeji hulima mtama, uwele na alizeti, na hufuga ng'ombe na nyuki. Moto wa porini hula malisho na mizinga pamoja. Mahali kama hapo anayengoja maji amechelewa. Silaha ni majembe, matawi mabichi, na mikono mingi yenye mpango.

Yafaa kujua sababu. Moto hutaka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Kikiondoka kimoja, moto hufa. Jembe likilima njia ya udongo mtupu, huondoa kitu cha kuungua. Tawi bichi likikandamizwa juu ya ndimi, huzuia hewa. Maji hupunguza joto.

Anayetaka kujitolea afuate haya:

Kwanza, ajiandikishe. Bara ni kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kwetu ni kwa Sheha. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa akizingirwa na moshi hapana atakayejua kwamba hayupo.

Pili, afunzwe. Bara liko Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye sheria yake ya mwaka 2007, na nambari ya simu ni 114. Visiwani tuna Kikosi chetu cha Zimamoto na Uokozi. Kikundi kiombe mafunzo kwa barua.

Tatu, avae nguo za pamba zenye mikono mirefu na viatu vigumu. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandama mwilini.

Nne, atii kiongozi mmoja. Asiende peke yake, wala asisimame mbele ya moto unaopanda mlima, maana moto hupanda upesi kuliko mtu. Aanzie nyuma na ubavuni, palipokwisha kuungua, na ajue njia ya kukimbilia.

Tano, asiondoke mapema. Kisiki chaweza kuficha kaa hata siku ya pili, na upepo mmoja huliamsha.

Mwezi wa Oktoba 1920 si zamani kama mtu anavyodhani ukilinganisha na umri wa misitu. Lakini mfano wa karibu zaidi ni Oktoba 2020, moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro. Askari wa hifadhi hawakutosha. Mamia ya watu wa kujitolea walipanda kusaidia, na kazi ilichukua siku nyingi. Nia njema ilikuwapo tele. Lakini nia peke yake haimkingi mtu na moshi, mafunzo humkinga.

Nasi je? Mkarafuu haustahimili moto. Mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, na majani makavu yaliyolundikana chini yake ni kuni tosha. Mche hukaa miaka 6 au zaidi ndipo uchumwe, na moto wa saa moja waweza kuufuta muda wote huo. Khasara hiyo haimpati mwenye shamba tu, bali na wachumaji wanaotegemea msimu.

Kwa hiyo yatupasa, kabla ya jua la kaskazi, kila tawi la chama lichague watu wa kujitolea, lipeleke majina yao kwa Sheha, na lilime njia za kukinga moto mipakani. Na anayechoma majani ya palizi awaarifu jirani zake kwanza, wala asiondoke mpaka majivu yapoe.

Wasalaam,
Katibu wa Chama