Kulabu Nyuma ya Mlango



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu na stara. Wiki hii tunazungumza nanyi, mama zetu na dada zetu, juu ya kitu kinachoonekana kidogo: kulabu za kutundikia nguo kwenye milango ya ndani.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta zilitiwa vyango vya mbao vya kutundikia, mbali na zile zidaka za kuwekea vyombo. Nasi leo, katika vyumba vyetu vidogo, mlango ndio ukuta tuliobakishiwa. Hodi inapopigwa ghafla, mama anayejua leso yake ipo wapi huinyanyua mara moja na kujisitiri. Asiyejua hubaki akihangaika chumbani na mgeni yuko kizingitini.

Hata hivyo, kheri ikifanywa bila uangalifu huweza kuleta madhara. Tunakiri kosa letu wenyewe. Tulitaka mjukuu wetu wa miaka minne azoee kutundika kanzu yake, basi tukapiga kulabu ya chuma mlangoni, kimo cha mkono wake. Mama wa nyumba alituambia kuwa ncha ile ni kali; tukamjibu kwamba tutaibadilisha baada ya sala ya Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Jioni moja mtoto aliingia mbio, mlango ukamrudia, na kulabu ikamchana kwenye nyusi, upana wa kidole tu kutoka jichoni. Alhamdulillah, jicho lilisalimika. Lakini tuliokuwa tukiwafundisha watu kwamba madhara huondolewa, tuliyaacha yakining'inia mlangoni mwetu.

Tangu siku hiyo tumeshika utaratibu huu. Kulabu za watu wazima huwekwa juu, kiasi cha sentimita 170 kutoka sakafuni. Chango cha mtoto hakiwekwi kwenye mlango unaokwenda na kurudi, bali ukutani pembeni, nacho kiwe cha mbao chenye kichwa cha mviringo. Wala pasitundikwe mahali anapofikia mtoto mdogo mikoba yenye mikanda mirefu, kamba, wala mtandio uliofungwa kitanzi, kwani shingo yake huweza kunaswa.

Kisha utazame mlango wenyewe. Milango mingi ya siku hizi ni plaiwudi pande mbili, na katikati ni karatasi ngumu au uwazi. Ugonge kwa kifundo cha kidole: penye mbao pana sauti nzito, penye uwazi pana mlio wa ngoma. Parafujo iliyotiwa penye uwazi itang'oka pamoja na buibui lako. Dawa yake ni ubao mwembamba, unene wa sentimita 2, unaolazwa kukata upana wa mlango, ncha zake zikafungwa kwenye mbao ngumu za kingoni kwa parafujo za sentimita 4. Kulabu zote zifungwe kwenye ubao huo. Kabla ya kufunga, ufungue mlango mpaka mwisho, uone kwamba kulabu hazitagonga ukuta.

Utoboe kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko parafujo, ubao usije ukapasuka. Parafujo ikiwa ngumu, ipake nta ya mshumaa, kisha ikaze kwa bisibisi taratibu. Nasi watu wa pwani tusisahau upepo wa bahari: chuma cha kawaida hushika kutu upesi, na alama ya kutu kwenye kanzu nyeupe haitoki kwa urahisi. Chagua shaba au chuma kisichoshika kutu, na parafujo ziwe za namna ileile, kwa maana kuzichanganya huharakisha kutu. Wala usiubebeshe mlango mikoba ya vitabu. Bawaba zitalegea, na mlango utaanza kukwaruza sakafu.

Imebaki kulabu ya kufungia. Katika Suratun Nur, aya ya 58, tumeamrishwa kwamba hata watoto wetu wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri tunapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Kulabu ndogo na pete yake kwa ndani huisaidia adabu hii, ila haichukui nafasi ya kuwafundisha watoto kubisha hodi. Nayo iwekwe juu, mtoto asije akajifungia. Chooni na bafuni, iwe ya kuweza kuinuliwa kutoka nje kwa kisu chembamba kupitia upenyo wa mlango, kwa sababu mzee akianguka humo hatakuwa na nguvu ya kukufungulia.

Basi kabla ya kulala leo, zungukeni nyumba zenu. Inameni mpaka kimo cha mtoto wenu mdogo, mtazame milango kwa macho yake. Mkiona ncha kali, msingoje Ijumaa.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Wabillahi tawfiq.