Viza ya masomo Uingereza: fedha za mjomba hazihesabiki

Kila mwaka sisi tunaoishi Uingereza hupigiwa simu kutoka nyumbani: mtoto kapata chuo, tuchange. Twachanga, fedha zinatosha, na bado viza ananyimwa.

Mara nyingi tatizo ni jina na siku. Mwombaji huonyesha ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za kujikimu. Tangu Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi akisoma London na 1,171 kwingineko, kwa miezi isiyozidi 9. Nje ya London hufika pauni 10,539, mbali na ada.

Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo. Zikipungua hata siku moja, hesabu inaanza upya. Akaunti ya mzazi inakubalika, ikiambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Ya mjomba asiye mlezi kisheria haikubaliki.

Kwetu mjomba ni mzazi. Kwa afisa wa viza, sivyo. Basi ndugu zetu, tuchange mapema, fedha ziingie akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, zisiguswe. Hapo ndipo pagumu: nyumba gani yetu hupitisha siku 28 bila mgonjwa wala msiba?