Resipi ya Dar Haipandi Rhotia

Oya wana, tuongee keki. Siyo zile zilizovalishwa fondanti na kuchapishwa sura ya mwenye bethidei, ambazo kila mtu anazipiga picha halafu sukari inabanduliwa na kuachwa pembeni ya sahani. Zile ni za kuvimbia status, na bei yake inagombana na kodi ya geto. Hapa naongelea marble. Nje imekausha tu, haina mbwembwe. Kisu kikipita, weusi na weupe vimejikunja humo ndani, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Mkwanja kidogo, heshima kubwa.

Kitaa cha Karatu saa hizi kuoka ni mzuka. Machalii wanaoka, masista wanaoka, na asiyeoka anajua wa kumpigia simu. Waliogoma ni wazee. Mwambie mshua kuna keki, atauliza ndafu iko wapi. Kwake keki ni mbuzi mzima, kabanikwa, kasimamishwa mezani na majani mdomoni, MC anapiga kelele. Tunamheshimu mbuzi. Ila mbuzi hana kakao, mshua. Tulia.

Sasa ishu yenyewe. Resipi tunazodaka kwenye simu nyingi zimepikwa Dar, usawa wa bahari. Karatu mjini tuko mita kama 1,500 juu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni kama mita 2,300. Nunua pakiti ya krispi bondeni, panda nayo zile kona za kutoka Mto wa Mbu: ukifika Rhotia imevimba inataka kupasuka. Huku hewa haikandamizi sana kama bondeni, kwa hiyo gesi iliyofungiwa inajitanua. Gesi ya baking powder inafanya hivyohivyo ndani ya keki yako. Inapanda kwa fujo kabla mayai na unga havijashika, halafu inakosa wa kuibeba. Puu. Shimo katikati.

Na shimo tunalijua sisi. Ngorongoro yenyewe ilikuwa volkano, kilele kikabomoka kikazama ndani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mzungu analipa dola kuja kulichungulia lile. La kwako la kwenye keki hakuna atakayelilipia hata jero.

Dawa ipo, na ni ya bei chee. Resipi ya Dar ikikwambia vijiko viwili vya chai vya baking powder, hapa mjini weka kimoja na nusu. Mshkaji wako anaishi juu kabisa ukingoni? Kimoja kinamtosha. Ongeza maziwa kidogo, kwa sababu maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kule ukingoni 92 hivi, na keki inakauka haraka. Oveni ya 180 ipandishe mpaka 190 ili keki ishike mapema. Basi. Hakuna uchawi, hakuna kumlaumu jirani mwenye jicho.

Vipimo vyenyewe hivi, screenshot: unga wa ngano gramu 250, siagi 200, sukari 180, mayai manne, maziwa nusu kikombe na tone juu yake, baking powder kama tulivyosema, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe. Kakao vijiko vitatu vya chakula. Mayai yakiwa ya kienyeji, yale madogo, ongeza la tano. Siagi orijino inauma mfuko, kwa hiyo Blue Band ruksa, hakuna atakayekucheka. Cha kuchekwa ni kupiga siagi ngumu. Mwezi wa saba Karatu ni ukungu na makoti, siagi inakuwa tofali. Isogeze karibu na jiko ilainike, isiyeyuke, ndipo uipige na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hapo usiwe mvivu. Hewa unayoingiza kwa mkono nayo inaipandisha keki. Yai moja moja. Unga na maziwa kwa zamu, taratibu.

Gawa rojo mara mbili. Nusu iache na vanila yake. Nusu nyingine ipige kakao, na hapa ndipo wengi wanazingua: kakao inakunywa maji. Upande mweusi unakuwa mzito, mweupe mwepesi, vikikutana havichezi pamoja. Ongeza maziwa vijiko viwili au vitatu upande wa kakao mpaka vyote vidondoke sawa. Kakao iwe ya ukweli, siyo unga wa kinywaji wenye sukari kibao. Tunalima wenyewe Kyela, jamani. Kuoka marble yenye rangi ya chai ya maziwa ni aibu ya taifa.

Mimina kijiko cheupe, kijiko cheusi, mpaka chombo kijae theluthi mbili. Chukua kijiti cha mshikaki, chora namba nane mara mbili, tatu. Acha. Weka kijiti chini. Mkono utawasha kutaka raundi nyingine, ukate. Ukizidisha umepata keki ya kahawia, na hiyo hata mbuzi wa mshua anaishinda.

Huna oveni? Nani ana oveni, na hiyo luku inavyoliwa? Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo cha keki ndani, mfuniko wa bati. Mkaa kidogo chini, mwingi juu. Kinachounguza keki za mtaani ni ubishi wa kujaza moto chini. Dakika 40 mpaka 45, na kwa dakika 30 za mwanzo mfuniko haufunguliwi. Na hapo ndipo bi mkubwa anapotokea. “Fungua tuone.” Hapana, bi mkubwa. Dakika tano tena: “Fungua tuone.” Joto likitoka sasa hivi shimo linarudi, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema angejua angepika makande. Mpe kazi ya mbali. Mtume dukani.

Ikiiva, kijiti kitatoka kikavu. Iache ipoe kabisa, kukata ya moto ni ushamba. Ipige na kahawa ya Oldeani. Marble ilizaliwa Ujerumani karne ya 19, wahamiaji wakaivusha Marekani, na kule za mwanzo weusi wake ulikuwa wa molasi na viungo. Walowezi wa Kijerumani walilima kahawa Oldeani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Walishasepa kitambo. Kahawa tunayo, keki tunayo.

Na mchongo upo. Karatu Land Cruiser zinaanza kunguruma hakujakucha, zinawahi geti la Lodoare la kuingia Ngorongoro, linalofunguliwa saa 12 asubuhi. Ndani kuna malanchi boksi, na humo mara nyingi kuna kakeki kakavu kanakorudi jioni bila kuguswa. Dereva analijua hilo kuliko mtu yeyote. Oka usiku, marble inalala freshi na asubuhi imeshika utamu zaidi, funga kipande kimoja kimoja, simama pale wanapojaza mafuta. Kata kinene. Dereva akishakudaka unakata vyembamba, kesho ananunua kwa chalii wa mbele.