Kabla ya Kumnunulia Kijana Gari la Kwanza

Zamani watu walifika katika ofisi yetu ya maendeleo hapa parokiani kwa habari ya karo, maji ya bomba na mbuzi wa maziwa. Siku hizi anakuja mzee na karatasi za mkopo wa gari mkononi. Hatulaumu, hiyo ni hatua. Lakini mara kadhaa tumekaa na familia ambayo gari liliiacha pabaya kuliko lilivyoikuta, na mara nyingi mzizi wa taabu ulikuwa ile siku ya kununua.

Tuanze na kisa kimoja. Yale yanayoweza kumtambulisha mwenyewe tumeyaacha nje.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alichukua mkopo wa sacco, na walimu wenzake watatu wakamdhamini. Kijana wake alikuwa amemaliza kidato cha nne, ametimiza miaka 18 juzi tu, na alikuwa na leseni ya muda ya mwanagenzi. Mzee akamwachia achague gari mwenyewe. Kijana akachagua gari la chini chini, lenye injini kubwa, magurudumu mapana na ekzosi inayosikika ng'ambo ya mto. Bei ilikuwa nafuu, na baadaye tulijua kwa nini: tairi zilikuwa kuukuu na mikanda ya viti vya nyuma haikufungika. Mwezi wa nne, Jumamosi jioni, bila mtu mwenye leseni kando yake na akiwa amewabeba wenzake watano, kona ikamshinda.

Tunashukuru hakuna aliyekufa. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alivunjika nyonga. Gari lilikuwa na bima ya mtu wa tatu tu, ile watu huita thadi pati, kwa hivyo gari lenyewe halikulipwa hata shilingi. Mkopo nao ukabaki pale pale. Mwalimu alipolemewa na gharama za hospitali, sacco ikaanza kukata mishahara ya wadhamini. Walipofika kwetu, mmoja wao alisema neno ambalo hatujalisahau: "Mwalimu, hilo gari mimi hata sijawahi kuliona."

Tukitazama nyuma, gari lile lilichaguliwa kana kwamba kijana tayari alikuwa dereva. Mwanagenzi hajawa dereva. Atazima injini katikati ya mlima huku lori likipiga honi nyuma yake. Atakwangua mlango kwenye lango la nyumbani. Siku moja atakanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Mzazi anaponunua, basi, ajiulize: ni gari gani litakalovumilia makosa haya, na likishindwa kuyavumilia, litamlinda namna gani aliye ndani?

Kwa maoni yetu injini ya kati ya sisi 1000 na 1500 inamtosha kabisa. Magari kama Vitz, Demio, March au Corolla ya kawaida yana jina la kuchosha, vijana huyaita magari ya akina mama, lakini spea zake zinapatikana karibu kila mji na kila makanika wa jua kali anayajua. (Hatupati chochote kutoka kwa wauzaji wake.) Bampa likivunjika leo, kesho umepata jingine la mtumba. Gari la kigeni kidogo, ambalo taa yake ya nyuma inasubiriwa miezi miwili, huishia kuendeshwa bila taa, na tunajua hatari yake usiku.

Injini kubwa tunaikataa kwa sababu ya hesabu ndogo tu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa sheria unapopita mjini na sokoni, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 14 zimekwisha. Mwendo ukiwa 100, zimekwisha mita 28, na hapo ndipo breki inaanza kushika; na umbali wa kusimama kwa breki yenyewe hauongezeki mara mbili, unakuwa mara nne. Dereva mzoefu huona ng'ombe akiwa bado mbali. Mwanagenzi humwona akiwa barabarani.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: idadi ya viti. Wengi hupenda Noah ama gari lingine la viti saba au vinane, wakisema litasaidia familia nzima. Ni kweli, litasaidia, na hiyo ndiyo shida. Gari la viti vingi kijijini ni la kila mtu. Kila harusi litaitwa, kila matanga litaitwa, mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku dirisha la kijana ndilo litakalogongwa. Nani atakataa? Na imejulikana kwa utafiti wa nchi nyingi kwamba hatari ya dereva chipukizi hupanda kadiri anavyobeba vijana wenzake, na hupanda tena giza likiingia. Gari dogo linampa kijana jibu la heshima: "Mama, nafasi hakuna." Hata Probox, ambayo ni gari la kazi na tunalisifu kwa uvumilivu wake, tungemnunulia aliyekwisha kukomaa. Likionekana tu, watu wanaleta magunia.

Kabla ya kulipa, mzazi akae kwenye kiti cha abiria, si cha dereva. Ndiko atakakokaa miezi yote ya mafunzo, maana mwanagenzi lazima awe na mwenye leseni kamili kando yake, na alama ya L mbele na nyuma. Anyooshe mkono: je, breki ya mkono iko katikati ya viti, anaweza kuivuta? Baadhi ya magari huwa na breki hiyo chini, kwa mguu wa dereva, na mengine ni kitufe tu. Ukiwa umekaa kando na mtoto amechanganyikiwa, hiyo breki ya katikati ndiyo msaada wako wa mwisho. Kisha tazama nje. Je, kijana akiwa kwenye usukani anaona kona za gari, au kioo cha nyuma ni kama tundu la ufunguo?

Kuhusu gia, tunaulizwa sana kama ni heri otomatiki ama gia za mkono. Magari mengi yanayotoka Japani siku hizi ni otomatiki, huku shule zetu nyingi za udereva bado zinafundisha kwa gia za mkono. Matokeo yake kijana anafundishwa asubuhi kwa pedali tatu na jioni nyumbani ana mbili. Mguu wa kushoto umezoea klachi. Kwenye otomatiki unatua kwenye breki na watu wote wanarushwa mbele. Anunuliwe gari la aina ile ile atakayopimwa nayo. Wazazi wajue pia kwamba aliyepimwa kwa otomatiki leseni yake ni ya otomatiki.

Na yoyote atakayopata, afundishwe kuteremka. Sisi tunaotumia barabara ya Nakuru kwenda Eldoret tunaijua miteremko ya Salgaa na Sachangwan, na tunajua majina ya waliozikwa kwa sababu yake. Kwenye mteremko mrefu breki ikikanyagwa bila kuachiliwa hupata moto, na ikipata moto haishiki. Gari liwekwe gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka ili injini yenyewe ilizuie. Otomatiki nayo ina gia hizo, zimeandikwa L au 2 ama B kando ya kigingi cha gia. Tumekutana na watu walioendesha miaka kumi bila kuuliza herufi hizo ni za nini.

Tuje kwenye ukaguzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hivyo gari linalotoka moja kwa moja ng'ambo huwa si zee sana, ila bei yake huwa juu. Ukinunua la Japani, mwombe muuzaji karatasi ya mnada ya huko. Ina alama za hali ya gari, na ukiona herufi R mahali pa alama, kwa kawaida gari hilo liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji asiyetaka kuonyesha karatasi hiyo amekwisha kukujibu.

Wengi wetu lakini tutanunua lililotumika hapa hapa. Nenda na makanika wako, si rafiki wa broka, na umlipe siku yake hata gari likikataliwa. Hiyo pesa haijapotea. Tairi zina tarehe. Tafuta pembeni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ndani ya mitaro ya tairi kuna vijiti vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukishalingana navyo, tairi limekwisha. Funga mikanda yote, ya nyuma pia, uivute kwa nguvu ghafla uone kama inashika. Ni kazi ya dakika mbili, na kama ingefanywa kwa gari la mwalimu, pengine yule msichana angekuwa anatembea bila gongo.

Mifuko ya hewa inahitaji neno la peke yake. Ukiwasha swichi kabla ya injini, taa ndogo ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka, kisha huzima. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku kwamba gari liligongwa, mfuko ukafumuka, na mtu akaificha taa badala ya kurudisha mfuko. Tena kuna mambo ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani iliuza mifuko iliyowekwa kwenye mamilioni ya magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda na mengineyo, hasa ya miaka ya 2000 na mwanzo wa miaka ya 2010. Iligunduliwa kwamba kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma vikampata dereva. Watengenezaji waliyaita magari hayo wabadilishe bure, na Takata yenyewe iliingia kwenye ufilisi mwaka 2017. Lakini gari lililokwisha kuuzwa Afrika, nani alilifuata? Chukua namba ya chesisi, uipeleke kwa wakala rasmi wa gari hilo, aangalie kama ni miongoni mwa yaliyoitwa. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi, penye joto na unyevu mwaka mzima, wasilipuuze hili.

Karatasi tutazipitia kwa haraka, maana zina njia moja tu. Jina kwenye logibuku lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kabla ya kutoa hata pesa za kushika gari, tafuta rekodi za gari hilo kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo. Ukikuta jina la benki au la mkopeshaji limeandikwa pamoja na la mwenye gari, gari hilo ni dhamana ya deni, na deni lisipolipwa watalifuata hata likiwa kwako. Mama mmoja mjane tunayemjua alipoteza gari namna hiyo, na aliyemuuzia alikuwa jirani aliyemwita dada. Uhamisho wa jina ufanywe siku ya malipo. "Nitakufanyia wiki ijayo" si jibu.

Bima ndiyo mahali familia hujaribu kuokoa pesa. Sheria inatosheka na thadi pati, ambayo hulipa madhara ya watu wengine na si gari lako. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, sisi tunasema waziwazi: kama huwezi kulipa bima kubwa ya mwaka mzima, bado huwezi kununua gari hilo, shuka ununue la bei ndogo. Na ukiichukua, soma maandishi madogo. Kampuni nyingi humtaka dereva mwenye umri mdogo, au mwenye leseni changa, abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara mwenyewe. Uliza kama mwanagenzi anakubaliwa, na ukubaliwe kwa maandishi. Uliza pia kuhusu kubeba watu kwa malipo. Kijana akianza kuchukua hamsini hamsini kwa abiria wa sokoni na bima ni ya gari la kibinafsi, ajali ikitokea kampuni ina sababu ya kukataa.

Mzee wa sacco alituuliza kama wadhamini wana haki ya kuingilia uchaguzi wa gari. Kisheria hatudhani. Lakini anayetia sahihi anaweza kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi: ni gari gani, ataendesha nani, bima ni ipi? Akijibiwa kwa hasira, aiweke kalamu mfukoni.

Yule mwalimu amemaliza kulipa deni mwaka huu. Binti yake wa pili naye sasa anajifunza kuendesha, na mwezi uliopita baba alikuja kutuonyesha Vitz ya kijivu, mlango mmoja umekwaruzwa tayari. Wadhamini wote watatu walikuwa nao ndani ya gari, kwani safari hii walikwenda pamoja kuliangalia. Yule aliyesema hajawahi kuliona gari la kwanza alikaa mbele, kiti cha abiria, na tulipokuwa tukisalimiana alikuwa bado anaijaribu breki ya mkono.