Mtoto Bado Hajamaliza Kliniki



Jumapili moja tulitumwa kufundisha katekisimu katika kigango kilicho karibu na mwalo. Baada ya ibada, bibi mmoja alituletea mjukuu wake tumwombee, maana alikuwa na homa. Mama wa mtoto alikuwa visiwani kwenye kazi ya dagaa. Tuliomba kuona kadi ya kliniki. Bibi aliitoa kwenye pindo la kanga, safi kabisa, lakini alama ya mwisho ilikuwa ya wiki ya 14. Mtoto alikuwa tayari anatembea.

"Lakini frateri, si alishamaliza sindano?"

Tulisali, kisha tukawasindikiza zahanati. Tangu siku hiyo tumelisikia swali hilo mara nyingi, ndiyo maana tunaandika.

Ni rahisi kuona kwa nini watu hudhani hivyo. Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akifikisha wiki 6, 10 na 14 hupewa kinga dhidi ya polio, donda koo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, nimonia na kuhara. Ziara hizo zinafuatana, mama anazikumbuka. Baada ya hapo pengo ni kubwa: chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9, na ya pili miezi 18. Katika pengo hilo mama amerudi kazini, familia imefuata samaki, na kadi imebaki sandukuni.

Kwa nini tusubiri miezi 9? Kwa sababu mtoto mchanga bado ana kinga aliyorithi kwa mama yake, nayo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Na kwa nini dozi ya pili? Kwa sababu katika umri huo dozi ya kwanza huwakinga takribani watoto 85 kati ya 100. Hao waliobaki ndio surua inaowatafuta, nayo huenea upesi sana kwa hewa. Katika kambi ya wavuvi, ambako vibanda vimebanana, mtoto mmoja anatosha kuwaambukiza wengi.

Kliniki pia si sindano tu. Mtoto hupimwa uzito, na alama huwekwa kwenye kadi. Mstari ukipanda, anakua vema. Ukilala au kushuka, nesi anaona shida kabla jirani hajaiona. Kuanzia miezi 6 hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, na akitimiza mwaka, dawa za minyoo.

Kwa wazazi wanaohamahama kati ya Mwanza, Ukerewe na visiwa vingine, tunasema hivi: kadi isafiri na mtoto. Kituo chochote kinachotoa chanjo kitamwendeleza pale alipoishia. Aliyechelewa haanzi upya, wala mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Akipata joto kidogo baada ya sindano, kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Likizidi, arudishwe kituoni. Nao akina baba, chanjo hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kinachotakiwa ni asubuhi moja.

Darasani tunajifunza kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba sehemu ya busara ni kuona mbele. Bibi yule alikuwa na upendo wote. Alikosa mtu wa kumwambia tarehe. Katika jumuiya ndogo ndogo na katika mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo, tunaweza kuwa mtu huyo. Tuulize tu: kadi iko wapi, na tarehe ijayo ni lini?

Mjukuu yule alipona homa, na chanjo ya surua alipata mwezi huohuo. Bibi alituonyesha alama mpya kwenye kadi, akaikunja tena, akairudisha kwenye pindo la kanga.